LUKU haikupi kibali cha kulaza wageni

Wenye nyumba wengi wa Capri Point na Isamilo, hapa Mwanza, hukwambia: "Nyumba yangu, kodi nalipa kwenye LUKU ya umeme, leseni ya nini?" Sasa wanaweka vyumba Airbnb, mtandao wa kukodisha malazi, na kulaza wageni siku mbili tatu.

Ile inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni kodi ya majengo. Hulipwa kwa sababu jengo lipo, hata likikaa tupu mwaka mzima. Haigusi kabisa kinachofanyika ndani. Ukianza kupokea pesa za wageni, hilo ni jambo jingine: una kipato, kwa hiyo TRA (Mamlaka ya Mapato) wanakuhusu, na unafanya biashara, kwa hiyo halmashauri nayo inakuhusu. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 haimsamehi mtu eti kwa kuwa biashara iko sebuleni kwake.

Halmashauri ipi? Hapa ndipo watu wanapopotea. Mwanza mjini kuna mbili. Capri Point, Isamilo na Nyegezi ziko wilaya ya Nyamagana, chini ya Halmashauri ya Jiji. Kirumba na Pasiansi ziko Manispaa ya Ilemela. Usipange foleni isiyo yako.

Na wewe unayetaka kujenga kibanda cha wageni pale maji ya ziwa yanapogusa mawe (pazuri, sikatai), Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima kabla hujanunua tofali.