Je, Wajua Tairi la Pikipiki ya Vita Hutambuliwaje Kuwa Halisi?

Pikipiki aina ya BSA M20 ya Uingereza, yenye injini ya cc 500, ilitengenezewa jeshi kwa idadi inayokaribia 126,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na nyingi kati ya zilizosalia bado zina injini na fremu zenye namba za kiwandani zinazoweza kulinganishwa na kumbukumbu. Tairi ni habari nyingine. Tairi huliwa na barabara, hupasuka na hutupwa, kiasi kwamba pikipiki iliyotumika hadi miaka ya 1960 huenda ilishabadilishiwa matairi mara nyingi kabla haijaingia mikononi mwa mpenzi wa vyombo vya kale. Kwa hiyo muuzaji anapodai kwamba tairi lililofungwa ni lile lile la mwaka 1942, mnunuzi ana haki ya kuuliza ajuaje.

Jibu linaanzia ubavuni mwa tairi, palipo na maandishi, na kazi yenyewe ni ya kuondoa zaidi kuliko ya kuthibitisha, kwa sababu ni rahisi kuonyesha kwamba tairi si la vita kuliko kuonyesha kwamba ni la vita. Herufi DOT zinasimama badala ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo sheria ya kuianzisha ilipitishwa mwaka 1966. Tairi lenye herufi hizo haliwezi kuwa lilibeba tarishi wa jeshi kule Normandy, Ufaransa, wakati wa vita. Herufi E iliyozungushiwa duara inatokana na mkataba wa viwango vya vyombo vya moto na vipuri vyake uliotiwa saini Geneva mwaka 1958, kwa hiyo nayo ni ya baada ya vita. Maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba tairi limetengenezwa Ujerumani Magharibi hayawezi kutangulia mwaka 1949, kwa kuwa nchi hiyo haikuwapo. Neno nailoni nalo ni la kutilia shaka, kwani wakati wa vita nailoni ilikwenda kwenye miamvuli ya askari wa kuruka kutoka angani na matairi ya ndege, ilhali matairi ya pikipiki kwa kawaida yalisukwa kwa nyuzi za pamba.

Vipimo vinahitaji uangalifu zaidi. Ukichutama kando ya bodaboda yoyote utaona pengine 3.00-18, yaani upana wa inchi 3 juu ya rimu ya inchi 18, na mara nyingi utaona pia tarakimu nne, kwa mfano 2319, zikimaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo nne zilianza kutumika mwaka 2000, na ukiziona huna haja ya kuendelea kuuliza. Kipimo cha inchi, kwa upande wake, hakisemi lolote kuhusu umri, maana kinatumika hadi leo. BSA M20 na Norton 16H za Waingereza zilitumia 3.25-19, Harley-Davidson WLA ya Wamarekani ilitumia 4.00-18, na BMW R75 ya Wajerumani, ambayo gurudumu la kigari chake cha pembeni nalo lilisukumwa na injini, ilitumia 4.50-16. Wakati mwingine tairi la 3.25-19 huandikwa 26 x 3.25, na mgeni hudhani ni saizi tofauti. Ni hesabu tu: chukua rimu ya inchi 19, ongeza unene wa tairi juu na chini, utapata kimo cha takriban inchi 26. Mtindo huu wa kuanza na kimo ni wa zamani zaidi, na kuuona ni dalili njema, ingawa dalili si ushahidi.

Mpira wenyewe una historia yake. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, na visiwa vya Waholanzi (Indonesia ya leo) vikafuata mwezi Machi, karibu asilimia 90 ya mpira wa asili duniani iliwatoka mikononi Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao. Huko Tanganyika serikali ya kikoloni ilifufua mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu enzi za Mjerumani na kupeleka vibarua wa kulazimishwa kugema utomvu. Nchini Kongo siku za kazi ya lazima zilipandishwa hadi 120 kwa mwaka. Marekani ilijenga viwanda vya mpira bandia kwa kasi kubwa, wakati Ujerumani ilikwishaanza kutengeneza mpira wake bandia, ulioitwa Buna, kabla ya vita. Hivyo tairi la mwaka 1940 na la mwaka 1944 yaweza kufanana sura yakatofautiana mno kwa malighafi. Macho hayatoshi kuzitofautisha malighafi hizo. Hiyo ni kazi ya maabara.

Ugumu hasa uko kwenye kashata, yaani michoro ya mifereji iliyo usoni mwa tairi. Kalibu za chuma zinazolipa tairi umbo na maandishi yake ni ghali, na viwanda havikuwa na sababu ya kuzitupa vita vilipokwisha mwaka 1945, kwa hiyo tairi la mwaka 1950 laweza kuwa na kashata na maandishi yale yale ya mwaka 1943. Juu ya hayo, leo kuna viwanda vinavyotengeneza upya matairi ya sura ya zamani. Binafsi sioni ubaya wa matairi hayo mapya: pamba ya miaka 80 iliyooza ndani ya mpira uliokakamaa haifai kubeba mtu barabarani, na lililo halisi hukaa vizuri zaidi kwenye pikipiki ya maonyesho. Anayetaka uhakika wa sura hana budi kulinganisha kashata, mfereji kwa mfereji, na picha za wakati wa vita za pikipiki ya aina hiyo hiyo.

Ubaya ni pale jipya linapouzwa kwa bei ya la kale. Wapo wanaofuta herufi za kisasa kwa msasa, kisha wanapaka rangi nyeusi. Zungusha gurudumu polepole ukimulika ubavu kwa tochi iliyolazwa upande, ukigusa kwa kidole: palipopigwa msasa pana bonde dogo lililo laini kuliko sehemu nyingine, na mistari myembamba iliyoachwa na kalibu hukatika ghafla hapo.