Kung'arisha njia za hewa hakuipi pikipiki nguvu

Imani hii ni ya siku nyingi: fungua hedi ya pikipiki (kichwa cha injini kinachofunika silinda), sugua njia za hewa kwa msasa mpaka zimete kama kioo, na injini itapata nguvu. Inavutia, kwani kitu laini huteleza. Lakini hewa haitelezi ukutani kama sabuni. Tabaka jembamba linalogusa chuma hukaa karibu limesimama, hata chuma kiwe laini namna gani, na hewa nyingine hupita juu yake.

Kinachoamua ni umbo: kona iliyo karibu na valvu (kizibo kinachofungua na kufunga njia), pembe za kiti ambacho valvu hukalia ikijifunga, upana wa njia. Fundi aliyeondoa ukingo uliobaki wakati wa kusubu chuma, au kukata gasketi (kizibio cha kwenye maungio) iliyochungulia ndani, amefanya kazi ya maana kuliko kushinda akipiga msasa. Tena msasa ukizidi, njia hupanuka, kasi ya hewa hushuka, na pikipiki hulegea kwenye mizunguko ya chini ya injini, ambako ndiko wengi wetu tunakoendeshea.

Upande wa kuingiza una jambo jingine. Injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) hupitisha petroli pamoja na hewa, na baadhi ya matone hunata ukutani. Mikwaruzo midogo huyasaidia kurudi hewani, ndiyo maana mafundi wengi wa pikipiki za mashindano huiacha makusudi.

Upande wa moshi, sawa, ng'arisha ukipenda: masizi hushika polepole zaidi. Nguvu usiitegemee.