Je, wajua kwa nini matoke hayana mbegu?

Kata ndizi mbivu ya matoke katikati, iwe imetoka Masaka au Mbarara nchini Uganda, utaona vidoa vidogo vyeusi katikati ya nyama yake. Hayo ni mabaki ya mbegu ambazo hazikuwahi kukua. Mkulima hupanda chipukizi alilolitoa kwenye shina, na bibi yake alifanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba migomba yetu imeishi vizazi na vizazi kwa kunakili DNA yake, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, bila kuichanganya na ya mmea mwingine, na hatari yake kubwa inaanzia hapo.

Seli haigawanyiki kabla ya kunakili DNA yake yote. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, zimeandikwa kwa herufi nne, na kila herufi ina mwenzake upande wa pili: A hukaa na T, C hukaa na G. Protini maalumu huzifungua nyuzi hizo kama zipu, kisha kimeng'enya kiitwacho polimerasi hupita juu ya kila uzi kikiupangia herufi za mwenzake. Zinatoka DNA mbili, kila moja na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Matthew Meselson na Franklin Stahl walilithibitisha hilo kwa bakteria mwaka 1958. Kwangu mimi ajabu kubwa ni usahihi wake. Polimerasi ikikosea herufi, hurudi nyuma, huing'oa na kuweka inayofaa, halafu protini nyingine hupita kukagua tena. Makosa yanayoponyoka ni takriban moja kwa kila herufi bilioni.

Makosa hayo machache yana mchango mkubwa katika tofauti za aina za matoke kama Mbwazirume, Nakitembe na Kibuzi. Uchunguzi wa jeni unaonyesha kwamba matoke ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, pamoja na wingi wa majina yake, yanakaribia kuwa mmea mmoja. Mikungu inatofautiana, lakini udhaifu ni ule ule. Kuvu wa sigatoka nyeusi, anayekausha majani, akiuweza mgomba mmoja huiweza na mingine. Mnyauko wa bakteria ulipoonekana Mukono mwaka 2001, nao haukuchagua aina.

Viumbe vingine huepuka mtego huo kwa kuchanganya DNA wakati wa kutengeneza mayai na chavua au manii. Kromosomu (kifurushi cha DNA) kutoka kwa mama hulala sambamba na mwenzake kutoka kwa baba. Kisha seli hufanya jambo ambalo wakati mwingine wowote lingekuwa janga: huikata DNA yake kwa makusudi, kwa kutumia protini iitwayo Spo11. Ncha zilizokatwa hutafuta herufi zinazolingana kwenye kromosomu mwenza ili zijitengeneze, na katika kuunga huko baadhi ya vipande hubadilishana nafasi. Hiyo ni sababu moja ya ndugu wa tumbo moja kutofanana.

Shughuli hiyo inahitaji wawili wawili. Matoke yana seti tatu za kromosomu, jumla 33. Mbili zikipatana, ya tatu hukosa mwenza. Mgawanyo unaharibika na mayai mengi hayafai. Tunda hukua hata bila kuchavushwa, ndiyo maana tunakula ndizi laini.

Hata hivyo, mara chache sana yai moja hufaulu. Watafiti wa Kawanda, wilayani Wakiso, waliitumia bahati hiyo: walichavusha matoke machache yenye uwezo wa kuzaa kwa chavua ya mgomba mwitu uitwao Calcutta 4, unaohimili sigatoka nyeusi. Mbegu zilizopatikana ni haba na huota kwa shida, hivyo kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, hutolewa na kukuzwa maabara. Watoto wa kwanza walikuwa na seti nne, maana yai la mama lilipitisha seti zake zote tatu. Iliwabidi wachavushe tena watoto hao kwa mgomba wenye seti mbili ili kurudi kwenye tatu. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana M9, iitwayo Kiwangaazi, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2010. Nayo ina seti tatu, kwa hiyo huenezwa kwa machipukizi.