Kuandika ili kuelewa: maana yake katika hisabati na sayansi

Mwanafunzi wa darasa la tano ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwalimu akiweka mkasi, ile alama ya kosa (X), na kumwandikia 5/6, mtoto atanakili masahihisho, afunge daftari, na wiki ijayo atarudia kosa lile lile. Lakini mwambie aeleze jibu lake kwa sentensi mbili. Ataandika: "Nilikuwa na nusu ya chapati. Nikaongezewa theluthi, sasa nina mbili ya tano." Nusu ni 0.5, mbili ya tano ni 0.4. Ameongezewa, halafu chapati imepungua! Mwenye kuandika sentensi hiyo ana nafasi ya kushtuka mwenyewe.

Hiyo ndiyo maana ya kuandika ili kuelewa: mwanafunzi anaandika kwa maneno yake akiwa bado anatafuta jibu, na fikra zake zinaonekana, kwake na kwa mwalimu. Si insha, wala si kunakili notisi ubaoni. Mtu anaweza kujaza daftari zima la fizikia bila wazo lake hata moja kuwemo. Tena inakwenda mbele ya ile "onesha njia" tuliyoizoea. Njia husema ulifanya nini. Maelezo husema kwa nini.

Kwenye sayansi, maandishi haya huwa na dai, ushahidi na hoja. Mimina juisi ya rozela yenye barafu kwenye glasi, uiache mezani. Muda si mrefu matone yatajitokeza kwa nje. Uliza yametoka wapi, na utasikia kwamba glasi inavuja. Hilo ni dai, liandikwe kama lilivyo. Sasa wapanguse glasi kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kimelowa, ila hakina wekundu hata chembe: ushahidi huo. Kazi ngumu ni hoja: "Kama juisi ingevuja, kitambaa kingekuwa chekundu. Kwa hiyo maji haya hayakutoka ndani. Mvuke uliomo hewani umegusa glasi ya baridi ukageuka maji." Watoto wengi wanalijua neno mvuke, kinachowashinda ni "kama inge-" na "kwa hiyo", na kwangu mimi hayo yanastahili kufundishwa kwenye kipindi cha sayansi, si kuachiwa mwalimu wa lugha.

Tanzania kuna ugumu wa ziada. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi anaingia kidato cha kwanza na kukuta Kiingereza, na aliyekuwa akieleza vizuri anaanza kujibu neno moja moja. Aachwe aandike hoja kwa Kiswahili kwanza, kisha aihamishie kwenye Kiingereza. Ukimnyima hatua hiyo, atakariri.

Walimu wenye wanafunzi 80 darasani huuliza, na wana haki: nani atasahihisha yote hayo? Si lazima yote. Swali moja, dakika tano za mwisho wa kipindi, kisha soma madaftari kumi leo na mengine kumi kesho. Na usianze na tahajia. Kalamu nyekundu ikimkamatia "mfuke" badala ya "mvuke", mtoto atajifunza kuandika kidogo ili akosee kidogo. Mwandikie pembeni neno moja tu: "Umejuaje?" Kesho yake ampe mwenzake wa dawati daftari lenye jibu.