Filamu za mwanzo za Michael Powell si mazoezi

Kila nikiwaonyesha wanafunzi filamu ya miaka ya 1930 ya Michael Powell, mwongozaji wa Uingereza, hakosekani wa kuuliza: "Mwalimu, The Red Shoes tunaitazama lini?" Swali hilo, kuhusu filamu yake maarufu ya 1948, limenichosha. Ndani yake mna dhana kwamba filamu zaidi ya 20 alizoongoza kati ya 1931 na 1936 zilikuwa mazoezi, na kazi yetu ni kuwinda humo dalili za ukubwa wake wa baadaye.

Sheria ya filamu ya 1927 iliwabana wasambazaji na wenye kumbi Uingereza wachukue kiasi fulani cha filamu za nyumbani. Makampuni ya Marekani yakatimiza sheria kwa kuagiza za bei poa, kama pauni 1 kwa kila futi ya mkanda. Piga hesabu: dakika moja ni futi 90, kwa hiyo filamu ya saa nzima ni pauni 5,400, humo humo mishahara, seti na taa. Anayelipwa kwa futi angeweza kuvuta maneno. Powell hakuvuta: Rynox ya 1931 inaisha kwa dakika 48.

Sasa chukua Red Ensign ya 1934. Leslie Banks ni bosi wa kiwanda cha meli mtoni Clyde, Uskoti, anayetaka kujenga meli wakubwa wasitake, mpaka anaghushi sahihi. Anayewinda The Red Shoes humo atasinzia. Lakini mtazamaji wa mwaka ule alijua kwamba pale Clydebank meli namba 534, iliyokuja kuitwa Queen Mary, ilikuwa imesimama tangu Desemba 1931, mafundi hawana kazi. Filamu ilikuwa inaongea naye yeye, wala haikuwa na habari na sisi wa leo. Ushauri wangu, ambao darasa zima huuchukia: zima simu, itazame mara mbili, ya pili bila sauti. Utaona jinsi Banks anavyosimama kati ya watu.

Dhana nyingine kuhusu filamu hizi nazipitia haraka. Eti ufundi aliujifunzia kwenye filamu hizi: la, miaka ya 1920 alikuwa tayari kibarua wa mwongozaji Rex Ingram kule Nice, Ufaransa. Eti walioziona ni wafagiaji wa kumbi asubuhi: hadithi tamu, ila mijini nje ya London watu walikata tiketi na kuzitazama. Eti The Edge of the World ni mojawapo: hapana, hiyo aliipigia kisiwani Foula mwaka 1936, na ndiyo iliyomtoa kwenye kazi za haraka.

Na eti zote zipo intaneti. Kadhaa zimepotea, ikiwemo Two Crowded Hours, ya kwanza kabisa. Juzi kijana mmoja aliniapia kwamba ameiona. Nikamwambia alete. Bado namngoja.