Kufomati memori kadi: kinachofanyika ndani, na kinachobaki

Kufomati memori kadi ni kuipa kadi mpangilio mpya wa kutunzia mafaili: nafasi yote igawanywe vipi, na orodha ya kipi kimewekwa wapi iandikwe kwa mtindo gani. Wengi tumezoea kuamini kwamba kufomati ni kufuta tu. Mafaili hutoweka kweli machoni, lakini hilo ni tokeo la kazi, siyo kazi yenyewe, na mara nyingi hayajafutika hata kidogo. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama picha za harusi zilizopotea zitarudi, kama atakayenunua simu yako ataziona picha zako, na kama kadi mpya uliyoleta nyumbani itasoma kwenye sabufa.

Chukua mfano wa Ngamiani, hapa Tanga, ambako barabara zina namba. Mgeni akiambiwa barabara ya kumi na mbili haulizi sana, anahesabu na kufika. Sasa ione memori kadi kama mtaa wa namna hiyo, wenye viwanja vinavyolingana ukubwa, kila kimoja na namba yake, na ofisini kwa mwenyekiti kuna rejista inayosema picha fulani inaanzia kiwanja gani na kuendelea mpaka kipi. Simu ikitaka picha haizunguki mtaa mzima ikipiga hodi. Inafungua rejista, inakwenda moja kwa moja. Kufomati ni kuitoa rejista ya zamani na kuweka mpya isiyo na jina hata moja. Nyumba bado zimesimama na watu wamo ndani, ila kwa mujibu wa rejista mtaa ni mtupu. Mgeni wa kwanza atakayekuja atapewa kiwanja chochote, na nyumba iliyokuwapo itavunjwa siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana kadi ya GB 32 iliyojaa hufomatiwa kwa sekunde chache, wakati kuijaza kulichukua saa nzima. Kilichoandikwa upya ni kurasa chache za mwanzo. Iko pia njia ndefu ya kufomati kwenye kompyuta, ile ambayo hupitia kadi nzima na kuandika sifuri kila mahali. Hiyo ndiyo hufuta kweli. Simu nazo hazifanani: nyingine huishia kwenye rejista, nyingine huiamuru kadi yenyewe iachilie kila kitu kilichomo. Kwa hiyo usifomati kwa kutegemea kwamba utaokoa baadaye.

Mafundi simu wa mjini wanaijua hali ifuatayo vizuri. Mama anafika kibandani, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii, inasema kadi imeharibika, nibonyeze hapa ifomatiwe. Na humu ndimo ilimo harusi ya binti yangu yote."

"Usibonyeze kitu, mama. Tuitoe kwanza."

Fundi makini anazima simu, anachomoa kadi, anaitia kwenye adapta na kuichomeka kwenye kompyuta. Si mara chache kompyuta inaifungua bila shida, kwa sababu kilichoharibika ni kipande kidogo cha rejista ambacho simu ilishindwa kukivumilia. Chanzo mara nyingi ni kadi kuchomolewa wakati simu bado inaandika, au chaji kukata katikati ya kurekodi video. Picha zenyewe hazina kosa lolote. Mfumo wa FAT, mmoja wa mitindo ya kuandika rejista, huwa na nakala mbili za rejista hiyo, moja pembeni ya nyingine, kwa hiyo hata programu za kutengeneza huwa na mahali pa kuanzia. Kwanza nakili kila kinachonakilika, kisha ndipo utengeneze. Ukianza na kutengeneza unaweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Kompyuta nayo ikikataa, ikakuletea swali lile lile la kufomati, jibu ni hapana. Hapo ndipo programu za kuokoa mafaili zinapofanya kazi yake. PhotoRec ni mojawapo, nayo ni ya bure. Haiitegemei rejista. Hupita kiwanja kwa kiwanja ikitafuta alama ambazo kila picha au video huanza nazo, na ikiikuta inaanza kukusanya kuanzia pale. Ndiyo sababu picha zilizookolewa hurudi bila majina yake, zimepewa namba tu, na mpangilio wa folda haupo. Video ndefu ni ngumu zaidi, maana aghalabu vipande vyake vimetawanyika huku na huku kwenye kadi, na bila rejista hakuna wa kusema kipi kinafuata kipi. Na hayo yote yanawezekana kwa sharti moja: baada ya tukio, kadi hiyo isiandikiwe kitu chochote. Usipige picha hata moja, usiingize hata wimbo mmoja. Programu ya kuokoa isimame kwenye kompyuta, na kinachookolewa kiwekwe kwenye kompyuta, kisirudishwe kwenye kadi ile ile.

Upande wa pili wa jambo hili unanisumbua zaidi, kwa kuwa hauzungumzwi. Mtu anauza simu pamoja na memori kadi, anafomati mbele ya mnunuzi, wote wawili wanaridhika kwamba kadi ni tupu. Siyo lazima iwe tupu. Picha za watoto, picha za kitambulisho, picha za mke akiwa nyumbani bila mtandio, zote zinaweza kutolewa na mtu mwenye kompyuta na subira ya jioni moja. Ukitaka kadi itoke mikononi mwako kwa usalama, ifomati kwa ile njia ndefu kwenye kompyuta. Kama huna kompyuta, ifomati kwenye simu, kisha ijaze video yoyote isiyo na maana mpaka isiingie kitu tena, halafu uifomati upya. Mimi ningeshauri hata zaidi ya hapo: uza simu, baki na kadi.

Sasa tuje kwenye mtindo wa rejista, maana si mmoja. Kadi za SD zilianza mwaka 1999, zikiletwa na kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba, na zile ndogo za ukubwa wa kucha tunazotia kwenye simu, microSD, zikafuata mwaka 2005. Kwa mujibu wa kanuni zake, kadi ya mpaka GB 2 hutumia FAT ya zamani. Inayozidi hapo mpaka GB 32, ile yenye herufi SDHC, hutumia FAT32. Inayozidi GB 32 mpaka TB 2, yenye herufi SDXC, hutumia exFAT, ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2006. Tazama kadi yako vizuri, herufi hizo zimeandikwa juu yake, ndogo sana lakini zipo.

Kanuni hizo ndizo zinazowatesa watu bila wao kujua. Kijana ananunua kadi ya GB 64 ili ajaze taarabu za zamani za Black Star na Lucky Star, singeli na mawaidha, aweke kwenye sabufa ya nyumbani au kwenye kitochi cha babu, ile simu ndogo ya vitufe. Kwenye simu janja kadi inasoma vizuri. Akiitia kwenye sabufa, kimya. Kitochi kinamwambia kadi haijafomatiwa, akikubali kinashindwa. Kadi haina ubovu. Sabufa nyingi, redio ndogo za memori na simu nyingi za vitufe zinajua kusoma FAT32 tu, na kadi ya GB 64 imetoka kiwandani na exFAT. Ni rejista iliyoandikwa kwa hati ambayo msomaji wake hajafundishwa.

Dawa iliyo nyepesi ni kununua GB 32 au chini yake kwa ajili ya vyombo hivyo. Kadi kubwa inaweza kulazimishwa kuwa FAT32 kwa kompyuta, ingawa dirisha la kawaida la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekuwa halitoi nafasi hiyo kwa kadi inayozidi GB 32, na fundi huhitaji programu ya pembeni. Wenye kusimamia viwango vya kadi hizi, SD Association, wanayo programu yao ya bure iitwayo SD Memory Card Formatter. Ni nzuri, lakini inafuata kanuni: ukiipa GB 64 itakurudishia exFAT. Na hata ukifaulu kuilazimisha, kuna vitochi ambavyo haviwezi kabisa kadi inayozidi GB 32, haidhuru imefomatiwa vipi. Angalia kijitabu cha simu au boksi lake kabla ya kulipa.

FAT32 nayo ina kasoro yake, na mpiga video za harusi ndiye huijua wa kwanza. Haikubali faili moja linalofika GB 4. Kadi inaweza kuwa na GB 20 wazi, lakini video ya GB 5 ikanakiliwa kutoka kwenye kompyuta, ujumbe unakuja kwamba faili ni kubwa mno. Mtu anafuta nyimbo, anafuta picha, anajaribu tena, bado. Hata akiiacha kadi tupu kabisa halitaingia. Aikate video vipande viwili, au atumie kadi yenye exFAT kama chombo cha kuchezea kinaisoma.

Kwenye simu za Android, kuanzia toleo la 6.0 la mwaka 2015, liliongezeka jambo lingine linalofanana na kufomati kwa kawaida ila matokeo yake ni mazito. Ukitia kadi mpya, baadhi ya simu hukuuliza kama unaitaka iwe ya kuhamishika au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu. Ukichagua ya pili, simu inafomati kadi kwa mfumo wake na kuifunga kwa ufunguo wa siri ambao unakaa ndani ya simu hiyo tu. Ukiihamishia kwenye simu nyingine itaonekana kama kadi mbovu. Simu ikifa, ikiibiwa kadi ikabaki, au ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, ufunguo umekwenda na picha zimekwenda nao. Hapo hata PhotoRec haina la kufanya, kwa sababu itakachokikuta ni mchanganyiko usiosomeka. Kwa mtu anayetaka kadi ya kutunzia picha na nyimbo, chagua ya kuhamishika, usisite.

Wakati wa kufomati kwa hiari, nakili kwanza, hakikisha nakala inafunguka, kisha ifomati ndani ya chombo kitakachoitumia. Kamera ifomati kadi ya kamera, simu ifomati ya simu, kwa kuwa kila kimoja hutengeneza folda zake na mpangilio kinaoupenda. Kwenye Android utaingia mipangilio, kisha hifadhi, uchague kadi ya SD, na humo utakuta nafasi ya kufomati. Chaji iwe ya kutosha. Ukitumia adapta kwenye kompyuta na ikasema kadi imezuiwa kuandikwa, tazama kile kilimi kidogo cha ubavuni mwa adapta: kikiwa kimeshuka, kipandishe. Usihofu majina ya watu, kwa kawaida yako kwenye simu, kwenye laini au kwenye akaunti yako ya Google. Picha za WhatsApp nazo kwa kawaida zimo ndani ya simu, hazimo kwenye kadi.

Kuna kadi ambazo kufomati hakuzisaidii, na inauma kuona mtu analipia kazi hiyo mara kwa mara. Ya kwanza ni iliyochoka. Dalili yake ni ya ajabu: unafuta picha, zinafutika, unazima simu na kuwasha, zote zimerudi mahali pake. Unafomati, simu inakuambia imekamilika, ukiichomoa na kuirudisha mafaili ya zamani yamekaa vile vile. Chembe za ndani zina kikomo cha kuandikwa, na kadi ikifika mwisho aghalabu hujifunga, inabaki ya kusomwa tu. Nakili vilivyomo ukishukuru kwamba bado inasomeka, kisha inunuliwe nyingine.

Ya pili ni ya bandia. Kwa nje imeandikwa GB 128, ndani ina GB 8, na imechezewa ili itangaze uongo huo kwa kila simu inayoiuliza. Ukiifomati itaonyesha 128 kwa ufasaha. Picha za mwanzo zinakaa vizuri, na baada ya 8 ya kwanza kujaa, zinazofuata zinaandikwa pasipokuwapo au juu ya zile za awali, ndipo unaona picha nusu ya juu ni mtu, nusu ya chini ni kijivu. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza kadi mpaka mwisho kisha ikasoma ilichoandika, na uongo unajulikana. Ifanye kazi hiyo siku ile ile ya kununua, kabla ya kutia picha yoyote, wakati bado muuzaji anaweza kukurudishia hela.

Tofauti ndogo ya ukubwa usiichanganye na ubandia. Kadi halali ya GB 32 ikishafomatiwa, kompyuta ya Windows itaonyesha 29 na kitu. Kiwanda kimehesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, na sehemu ndogo imechukuliwa na rejista yenyewe. Ya GB 64 itaonyesha 59 na kitu kwa sababu hiyo hiyo, na muuzaji hajakupunja.