Sokwe wa Gombe sio babu zetu jamani

Ukipanda boti pale Kibirizi, Kigoma, kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe lazima mtu mmoja aropoke "eti hawa ndo babu zetu", na mwingine adakie "sasa mbona waliobaki hawageuki watu?" Boti nzima kicheko. Swali sio baya ila limeanzia pabovu, maana sayansi haisemi tumezaliwa na hawa sokwe.

Chukulia wewe na binamu yako wa Ujiji. Bibi yenu mmoja, pengine hata pua mmefanana kabisa, lakini hujazaliwa na binamu yako na wala yeye hasubirii kugeuka wewe. Na sisi na sokwe ni hivohivo, bibi yetu wa pamoja aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, hakuwa mtu na hakuwa sokwe huyu wa leo, kila ukoo ukashika njia yake.

Kufanana kupo tena kwingi. Mwaka 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimuona sokwe palepale Gombe anachomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, anatulia kidogo, analitoa limeng'atwa na mchwa kibao halafu anawapitisha mdomoni, yaani kama mtu na mshikaki wake. Ila wao wana kromosomu (vile vifurushi vya vinasaba ndani ya seli) 48, sisi 46, na dole gumba lao la mguu linakamata tawi kama mkono.

Mkia hawana, kama sisi tu. Ukiona mwenye mkia pale ufukweni anakuvizia ndizi, huyo ni nyani, undugu wa mbali zaidi.